Metali Imeponyoka Wapi? Kutatua Matatizo ya Vifuatilio vya Radiometali

Jumatatu moja, picha ya kwanza ya mifupa ilipotokea kwenye skrini, mwenzangu aliyekuwa kwenye kamera ya gama aliniita: "Hebu njoo, huyu mama shingo inawaka." Mifupa ilionekana, lakini hafifu, kama miti ndani ya ukungu. Kilichong'aa ni tezi ya thairoidi, tezi za mate na, chini ya mbavu za kushoto, mfuko wa tumbo. Mzee aliyefuata akatoka vivyo hivyo. Wa tatu pia.

Wote watatu walidungwa dawa ya kichupa kimoja, na hilo ndilo la kuangalia kabla ya jingine lolote. Mgonjwa mmoja akitoka na picha ya ajabu ilhali wenzake wa kichupa kilekile wametoka safi, chunguza mgonjwa: dawa anazotumia, kipimo alichofanyiwa juzi, sindano iliyomwaga dawa nje ya mshipa. Wakitoka wote na kasoro ileile, mwache mgonjwa, rudi chumba cha dawa.

Siku kama hiyo utasikia watu wakisema "dawa haikushika" na "dawa imeachia" kana kwamba ni kitu kimoja. Si kitu kimoja, na mwongozo huu wote umesimama juu ya tofauti hiyo.

Metali yenye mionzi haiendi mfupani wala kwenye uvimbe kwa hiari yake. Inabebwa. Molekuli inayoibana ilipewa jina kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya gando la kaa, na aliyewahi kubanwa kidole na kaa wa mikokoni hahitaji maelezo zaidi. Hapa nitaiita gando, na gando lililokwisha kubana metali nitaliita kileti. Sasa, picha ikiharibika, kuna mambo matatu yanayowezekana. Huenda gando halikubana tangu mwanzo, ndani ya kichupa. Huenda lilibana vizuri, likaachia ndani ya mwili. Au gando bado limebana sawasawa, ila kilicholibeba, yaani peptidi (kipande kifupi cha protini) au kingamwili, kimevunjika, kwa hiyo metali inasafiri na mzigo usio na anwani. Picha tatu hizi zinaweza kufanana sana, lakini tiba yake ni tofauti kabisa. Anayebadilisha gando wakati kosa ni hewa iliyoingia kichupani atapoteza mwaka mzima.

Anza na kanda mbili, si mmoja

Kabla hujagusa jenereta, yaani chombo chenye safu tunayokamua ili kupata metali yenye mionzi, kata kanda mbili za karatasi ya silika. Kwa teknetiamu-99m, metali yetu ya kila siku, iliyofungwa kwenye MDP, dawa ya mifupa, ukanda wa kwanza unaingia kwenye asetoni, wa pili kwenye maji ya chumvi ya 0.9%.

Asetoni hubeba peteknetati huru, yaani teknetiamu ambayo haijabanwa, peke yake hadi juu. Kileti na koloidi, yaani chembe ndogo za metali iliyogandana, hubaki chini palepale ulipodondosha. Maji ya chumvi hubeba kileti na peteknetati pamoja. Koloidi ndiyo inayobaki chini. Kwa hiyo juu ya ukanda wa asetoni unasoma peteknetati huru, chini ya ukanda wa maji ya chumvi unasoma koloidi, na kileti ni 100 ukitoa hizo mbili. Ukipata 4% na 3%, kileti chako ni 93%. Kikomo kinatajwa kwenye karatasi ya dawa yenyewe, mara nyingi 90% au 95%.

Sehemu nyingine hufanya ukanda wa maji ya chumvi tu kwa sababu asetoni imeisha. Ukanda huo ukikuonyesha 97% juu, umekwambia kwamba koloidi ni kidogo. Haujakwambia lolote kuhusu peteknetati, ambayo imepanda pamoja na kileti kama abiria asiye na tiketi.

Na kanda zenyewe huharibika kwa mambo madogo. Tone likiwa kubwa husambaa, halafu huwezi kujua mpaka uko wapi. Mstari wa kuanzia chora kwa penseli, maana wino wa kalamu hupanda na kiyeyushi. Kiyeyushi kikiwa kirefu kupita mstari, dawa inaoshwa na kubaki chini ya chupa. Na ukidondosha teknetiamu kisha ukaiacha ikauke hewani huku unapokea simu, hewa itaoksidisha kileti juu ya karatasi, utasoma peteknetati ambayo kichupani haimo. Dondosha, ingiza. Jambo la mwisho: kipima dozi hakikutengenezwa kuhesabu tone. Tone likiwa dhaifu, tumia kihesabu cha kisima au kipima mionzi kilichowekwa umbali uleule kwa vipande vyote viwili.

Dalili: thairoidi, tezi za mate na tumbo vinawaka

Hii ni peteknetati huru. Ioni yake inafanana na ya iodini kwa chaji na kwa ukubwa, kwa hiyo thairoidi inaipokea kama mgeni wa kila siku.

Teknetiamu inapotoka kwenye jenereta haishikiki. Bati lililomo kichupani, stanasi kloridi, ndilo linaloipunguza hali yake ya oksidisho ili gando liweze kubana. Bati likifa, hakuna kubana. Likifa baadaye, kileti huanza kurudi kuwa peteknetati. Kwa hiyo swali ni nani aliyeua bati.

Mshukiwa wa kwanza ni hewa. Kichupa kimefungwa na naitrojeni ndani. Fundi anayetaka kuvuta dawa kwa urahisi husukuma kwanza hewa kidogo ya sirinji ili kusawazisha shinikizo, jinsi tulivyofundishwa wodini kwa dawa nyingine zote. Kwa dawa za teknetiamu tabia hiyo ni sumu. Ukiingiza mililita 3 za teknetiamu, vuta mililita 3 za gesi ya mlemle kichupani kabla hujachomoa sindano.

Mshukiwa wa pili ni jenereta iliyolala. Hapa pana hesabu ambayo wengi huisikia chuoni na kuisahau. Molibdenamu-99, yenye nusu uhai wa saa 66, inazaa teknetiamu-99m. Hiyo nayo, kwa nusu uhai wa saa 6, inageuka teknetiamu-99, ambayo nusu uhai wake ni zaidi ya miaka 200,000. Kikemia ni kitu kilekile: inataka bati, inataka gando. Kwa picha haifai kitu. Ukikamua jenereta saa 24 baada ya kuikamua mara ya mwisho, takribani 28% ya atomu za teknetiamu ulizopata ni za 99m. Ukisubiri saa 72, yaani Ijumaa hadi Jumatatu, zinashuka hadi karibu 8%. Kipima dozi kitakuonyesha namba nzuri ya kufurahisha, kwa sababu hakioni zile 92%. Bati linaziona. Juu ya hayo, mionzi iliyokuwa ikipiga maji kwenye safu wikendi nzima imetengeneza peroksaidi, na peroksaidi hula bati.

Mshukiwa wa tatu ni ufukara wetu. Vichupa ni ghali, wagonjwa ni wawili, basi unga unayeyushwa kwa maji ya chumvi, unagawanywa kwenye sirinji nne, tatu zinawekwa kwenye friza. Simlaumu anayefanya hivyo, nimefanya. Lakini bati lililoyeyushwa ndani ya sirinji ya plastiki haliko tena kwenye naitrojeni, na barafu haizuii oksijeni, huichelewesha tu. Ukigawa, pima kila sirinji kwa kanda mbili kabla ya kumdunga mtu.

Dawa ya ubongo, HMPAO, ndiyo dhaifu kuliko zote. Mkamuo uwe wa chini ya saa 2, jenereta yenyewe iwe imekamuliwa ndani ya saa 24 zilizopita, na ikichanganywa bila kiimarishaji idungwe ndani ya dakika 30. Kileti chake hugeuka kuwa umbo jingine lisilopenda mafuta, nalo haliingii ubongoni. Hapo ubongo utaonekana hafifu bila thairoidi kuwaka hata kidogo. Asiyejua hilo atatafuta peteknetati siku nzima asiione.

Ukishathibitisha, usiongeze bati kwenye kichupa kilichoharibika. Utapata koloidi juu ya peteknetati. Kitupe kwenye kopo la risasi kisubiri kupoa, kamua jenereta upya, tumia kichupa kipya. Saa 6 baada ya kukamua, jenereta huwa imekusanya zaidi ya nusu ya kile ambacho ingekupa ukisubiri siku nzima, na mkamuo huo ni mtamu kuliko wa Jumatatu asubuhi.

Tumbo likiwaka peke yake, thairoidi ikiwa giza, simama kidogo. Kalsiamu ikizidi sana kwenye damu, MDP huweza kukaa kwenye ukuta wa tumbo na kwenye mapafu. Hapo kileti hakina kosa. Mpigie daktari simu.

Dalili: ini na wengu vinaonekana kwenye picha ya mifupa

Koloidi. Teknetiamu iliyopunguzwa lakini haikupata gando hugandana na maji na bati kuwa chembe ndogo, na ini na wengu kazi yao ni kufagia chembe. Sababu za kawaida ni pH iliyopanda, gando kidogo kuliko metali, au aluminiamu iliyovuja kutoka kwenye safu ya jenereta. Kikomo kinachotumika sana cha aluminiamu ni mikrogramu 10 kwa mililita, na karatasi za rangi za kuipima ni rahisi. Sijui kwa nini huwa zinazeeka kwenye droo. Chembe zikiwa kubwa zaidi zitanasa mapafuni. Na kama mgonjwa alifanyiwa picha ya ini jana, unaona ini la jana.

Dalili: galiamu-68 haishiki, mavuno ni 60%

Galiamu-68 ina nusu uhai wa dakika 68, kwa hiyo ikikugomea hakuna muda wa kikao. Inatoka kwenye jenereta ya jemaniamu-68, yenye nusu uhai wa siku 271, ikiwa ndani ya asidi ya hidrokloriki iliyochujuka.

Watu huanza kulaumu peptidi. Mimi huanza na hesabu. GBq 1 (gigabekereli, kipimo cha mionzi) ya galiamu-68 ni takribani pikomoli 10 za metali. Mikrogramu 40 za DOTATATE, peptidi iliyobeba gando la DOTA, kiasi kinachowekwa kwenye kichupa cha kawaida, ni karibu nanomoli 28. Yaani kila atomu ya galiamu inasubiriwa na magando 2,800. Ukitazama hivyo, unashangaa inawezekanaje isishike. Sasa ongeza mikrogramu 1 tu ya chuma, kiasi usichoweza kukiona kwa macho: hiyo ni nanomoli 18, mara 1,800 ya galiamu yako, nayo inataka magando yaleyale. Chuma hicho kinatoka wapi? Mara nyingi kwenye sindano ya chuma uliyoiacha ndani ya asidi. Tumia mrija wa plastiki. Kisha tazama maji, na tazama chumvi ya asetati uliyoinunua kwa bei nafuu.

Zinki-68, ambayo galiamu inageuka kuwa, inalaumiwa kupita kosa lake. Jenereta ya GBq 1 hutengeneza nanomoli 0.14 hivi za zinki kwa siku. Wikendi moja haiwezi kumaliza magando nanomoli 28. Likizo ya mwezi mzima inafika karibu nanomoli 4, na pamoja na hizo uchafu wote wa safu umejikusanya. Baada ya likizo kamua, mwaga, kamua tena kesho yake.

Hewa si tatizo hapa; pH ndiyo tatizo. Chini ya 3 gando la DOTA limejaa haidrojeni na linabana kwa uvivu. Ukipita 4 sana, galiamu yenyewe inaanza kugeuka haidroksaidi, halafu koloidi. Lenga 3.5 hadi 4. Kichupa cha kawaida kina kiasi maalumu cha bafa, kitulizaji cha pH, kwa ujazo maalumu wa asidi, kwa hiyo aliyekamua mililita 5.5 badala ya 5 "ili nisipoteze mionzi" amehamisha pH bila kujua.

Halafu joto. DOTA inahitaji takribani 95 °C kwa dakika 10 hivi. Kuna mahali nilikuta kipasha moto kinaandika 95 kwa fahari, na mavuno yalikuwa yakipanda na kushuka kama bei ya nyanya. Tundu la kipasha moto lilikuwa pana kuliko kichupa. Kati yake palikuwa na hewa. Tulijaza maji kwenye kichupa kitupu, tukatia kipimajoto, tukasubiri dakika kumi: 81 °C. Tukaweka mkono wa aluminiamu wa kuziba nafasi ile, matatizo yakaisha siku hiyohiyo. Njia ya mkato ya kugundua hili: PSMA-11, dawa nyingine ya galiamu, hutumia gando la HBED-CC, linalobana galiamu kwenye joto la chumbani. Ikiwa PSMA-11 imeshika asubuhi na DOTATATE imegoma mchana kwa jenereta hiyohiyo, anza na joto.

Kanda za galiamu pia ni mbili. Kwenye sitreti ya sodiamu, galiamu huru hupanda, kileti na koloidi hubaki. Kwenye mchanganyiko wa amoniamu asetati na methanoli, kileti hupanda na koloidi hubaki. Kwenye picha, galiamu huru hukimbilia transferini, protini ya damu inayobeba chuma, kwa hiyo moyo na mishipa mikubwa hubaki iking'aa saa nzima baadaye. Koloidi huenda ini, wengu na pengine mapafu. Ila usikurupuke: kwa DOTATATE wengu na figo kung'aa ni kawaida yake.

Dalili: kromatogramu ni safi, picha ni chafu

Hili limewahi kunipotezea wiki mbili. Mashine ya HPLC, inayotenganisha vilivyomo kwenye dawa, inachora kilele kimoja chembamba, 99%, kila mtu anapiga makofi, na picha za panya zinaonyesha ini. Unarudia, 99%. Unaanza kuamini kwamba gando linaachia mwilini.

Koloidi ya galiamu haipiti kwenye safu ya C18, mrija wa kutenganishia ulio ndani ya mashine hiyo. Inanasa kichwani mwa safu na kukaa humo. Kigunduzi hakiwezi kuchora kitu ambacho hakijafika kwake, na asilimia inayoandikwa ni ya vile vilivyofika tu. Ulichodunga ni 100, kilichotoka ni 70, na kati ya hiyo 70 kileti ni 99%. Jibu ni kuhesabu marejeo: pima mionzi ya sampuli kabla ya kuidunga kwenye mashine, kusanya kila kinachotoka, pima tena, rekebisha kwa muda uliopita. Pasipo hesabu hiyo, usikubali asilimia ya HPLC ya galiamu, zirkoniamu wala luteshiamu bila ukanda wa kuishuhudia.

Dalili: kichupani 98%, mwilini inaachia

Kanda mbili ni safi, marejeo yamekamilika, na bado metali inaonekana mahali isipopaswa. Sasa, na ni sasa tu, una haki ya kulaumu gando.

Kila metali ikiponyoka ina kwao. Shaba-64 huenda ini, ambako vimeng'enya kama superoksaidi dismutasi huipokea, nyingine ikirudi kwenye damu ndani ya seruloplasmini. Galiamu na indiamu hubebwa na transferini. Zirkoniamu-89 huenda mfupani. Itriamu-90 pia hupenda mfupa, na hapo si suala la picha mbaya tu, ni uboho wa mtu unaochomwa; ndiyo maana magando ya mwanzo ya DTPA iliyo wazi yaliachwa kwa metali hiyo.

Watu wengi hufungua jedwali la viwango vya uthabiti na kuchagua namba kubwa. Jedwali linakuambia mizani ikitulia itaegemea wapi. Halikuambii itachukua muda gani kutulia. Shaba na DOTA, kwa logi, ni karibu 22. Shaba na NOTA, gando jingine, ni kati ya 21 na 22. Kwa jedwali, DOTA ingeshinda au wangekwenda sare. Mwilini NOTA inashikilia shaba vizuri zaidi waziwazi. Tundu la DOTA ni kubwa kwa shaba. Shaba inakaa humo kama mguu ndani ya kiatu cha kaka, na mwili ukiipa elektroni moja ikawa shaba ya hali ya kwanza, inateleza nje. NOTA inabana karibu zaidi, na vizimba vya sarkofajini vinabana kuliko vyote viwili. Tunachotafuta ni ugumu wa kufunguka, si ukubwa wa namba.

Na bado, Septemba 2020 Marekani iliidhinisha shaba-64 DOTATATE, yenye DOTA hiyohiyo. Hakuna mkanganyiko. Peptidi hiyo inakimbilia uvimbe upesi, kinachobaki kinatoka kwa mkojo, na picha inapigwa saa moja hivi baadaye. Gando halikupewa muda wa kuchoka. Liweke gando lilelile kwenye kingamwili inayozunguka kwenye damu siku tano, uone ini litakavyokuwa. Kwa hiyo usiulize kama kileti ni imara. Uliza kama ni imara kwa saa ngapi, na mbele ya nani.

Zirkoniamu-89 ndiyo mfano wa pili. Nusu uhai wake ni saa 78, imeelekeana kabisa na kingamwili. Gando lake la kawaida, DFO, ni dawa ya zamani ya kuondoa chuma mwilini. Lina mikono sita, zirkoniamu inapenda minane, nafasi mbili zinazobaki zinajazwa na maji. Kwa panya waliopigwa picha baada ya siku kadhaa, mifupa huwaka, hasa kwenye maungio. Walioongeza tawi la nne kwenye DFO, ikawa na mikono minane, walipunguza mwako huo. Ila kumbuka kwamba kingamwili iliyomezwa na seli na kusagwa huachia pia, na gando bora halizuii kusagwa.

Mbona basi kichupani ilionekana imara? Kwa sababu kichupani kuna yale magando 2,800 ya akiba. Metali ikiponyoka sekunde moja, inadakwa na jirani. Damuni hakuna jirani. Kuna transferini, karibu gramu 2 hadi 3 kwa lita, ambayo kwa kawaida theluthi moja tu ya nafasi zake ina chuma, na iliyobaki inasubiri mikono wazi.

Ukitaka kupima hili, safisha kileti kwanza, uondoe magando ya akiba na metali huru, kisha kiweke kwenye seramu ya binadamu kwa 37 °C, na sampuli nyingine kwenye DTPA iliyozidi mara elfu. Chukua sampuli mwanzo, baada ya saa 1, saa 4, na kuendelea hadi muda utakaopiga picha. Kupima saa 2 kifuatilio kitakachopigwa picha siku ya sita ni kujifurahisha. Sampuli ya mwanzo usiiruke. Bila hiyo, 5% ya metali ambayo haikushika kamwe utaiandika kuwa 5% iliyoachia. Na seramu haina ini: shaba inaweza kukaa tuli siku mbili kwenye seramu, kisha ikaponyoka ndani ya seli za ini ndani ya saa chache.

Dalili: metali imekaa, shabaha haiwaki

Kanda safi, hakuna mfupa, hakuna damu, ila uvimbe unaojulikana upo umefifia na dawa imetoka kwenye mkojo yote. Gando halina kosa. Mionzi ya dawa yenyewe imekatakata peptidi, au imeoksidisha methionini, mojawapo ya asidi amino zake.

Inatokea zaidi mionzi ikiwa mingi ndani ya ujazo mdogo, kama luteshiamu-177 iliyosafirishwa kutoka mbali. Ukanda hauoni tofauti, kwa sababu peptidi iliyojeruhiwa bado imebeba kileti chake na inapanda vilevile. HPLC ndiyo itakayoonyesha vilele vidogo pembeni ya kilele kikuu. Ongeza asidi ya askobiki au ya jentisiki, ethanoli kidogo, punguza ukolezi, punguza joto. Kwa kingamwili zenye zirkoniamu-89 kuna mtego mmoja: kloraidi. Mionzi huigeuza hipokloriti, yaani dawa ya kung'arisha nguo, ndani ya kichupa chako. Hifadhi kwenye bafa isiyo na kloraidi.

Kuhusu ile Jumatatu: ukanda wa asetoni, ambao tulipaswa kuufanya kabla ya kudunga na tukaufanya baada, ulionyesha 14% juu. Jenereta ilikuwa imekamuliwa mwisho Ijumaa saa mbili asubuhi, na kijana wetu mpya alikuwa amesukuma hewa. Mambo mawili, sijui lipi lilichangia zaidi. Wagonjwa watatu walirudi Jumatano kwa nauli ya idara. Siku hizi Jumapili jioni mtu mmoja huja, huikamua jenereta, humwaga mkamuo kwenye kopo la risasi, huandika saa kwenye daftari na kurudi nyumbani. Idara inamlipia bodaboda.